Zamu ya Kaka Kwenye Drafti

Mama watoto,

Chakula nimekifunika jikoni. Bomba la bafuni nimelitengeneza, waambie watoto wasilikamue kama ng'ombe.

Drafti hapa mezani msiiguse. Asubuhi uliponiuliza naongea na nani nilikufokea, nisamehe. Nilikuwa naongea na marehemu kaka. Tangu ile mashine ya kiwandani imuue nami nikaacha kazi, nacheza pande zote mbili: vizibo vyekundu vyangu, vyeupe vyake. Najua ni ujinga. Lakini bado ananifunga, kama zamani.

Kiwanda kimeniita nirudi, kwenye mashine ileile. Jana jioni nilimwambia, "Kaka, zamu yako. Ukitaka nirudi, sogeza." Asubuhi nikakuta kizibo cheupe kimesogea. Tena kimekaa pabaya kwangu, ujanja wake kabisa.

~~Nimeenda kuwakatalia.~~ Nimeenda kuanza kazi. Nitarudi jioni.

Kama ni wewe uliyekisogeza ukifuta meza, nakuomba usiniambie.

Baba watoto