Rudia Mara Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Utafiti umeingia darasa la wifi yangu, mke wa kaka, mwalimu wa hesabu. Watoto wanamwamrisha kobe wa kuchorwa atembee kwenye kioo cha kompyuta, sisi tunaangalia wanavyofikiri. Maswali niliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na najivunia. "Nenda hatua moja. Rudia mara tatu." Kobe atakwenda hatua ngapi? Tatu, basi. Darasa karibu zima — nne! Watoto hukosea kila mmoja kivyake. Hawa wamekosea kwa kauli moja. Hapa pana mkono wa mtu.

Jumanne, 5 Machi
Nilimuuliza wifi kama aliyaona maswali mapema. Akacheka, eti mimi hata kivuli changu nakishuku. Hakujibu! Na jana, kabla hatujagawa maswali, alikuwa akipitapita dirishani. Dalili ya mvua ni mawingu. Aliwakaririsha jibu, tena akawakaririsha la makosa. Mjanja naye huteleza.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia profesa anayeongoza utafiti wetu. Roho inaniuma, lakini kazi ni kazi. Wifi ataitwa kwa mkuu wa shule Ijumaa. Ikithibitika, kazi hana. Kaka amepiga simu. Sikupokea.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nikapita kwa kaka. Wameshatoka wote wawili, chai ya wifi imepoa mezani. Yupo dada wa kazi na binti yao mdogo, hajaanza hata shule. Nikamchezesha: piga kofi moja, rudia mara tatu. Akapiga manne. Nikamwambia amekosea. Akapiga tena — manne! Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Shangazi, la kwanza si kurudia. La kwanza ni kupiga tu."

Kosa ni la neno langu, "rudia". Hakuna aliyemfundisha huyu, wala wale!

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Kaka amekaa upande wa pili, hanisemeshi. Karani kasema nisubiri niitwe. Naona aibu hata kuinua macho. Sauti ya profesa inapenya mlangoni: nani alimwonyesha maswali? Wifi anajibu taratibu, hakuna. Profesa anarudia. Hakuna. Anarudia tena. Hakuna, sauti ya wifi imechoka.

Ameuliza mara moja, amerudia mara mbili. Akirudia ya tatu zitakuwa nne. Kaka ananitazama. Nimesimama, kalamu mkono mmoja, mwingine kwenye kitasa —