Mishipa ya Salehe

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti tu.

Umeniuliza kama nimewahi kuona ile mishipa ya damu mnayosoma huko chuoni, inayovimba kuzunguka kitovu. Nimeiona, kwa Salehe, mwenzangu wa kubeba magunia Kariakoo. Akivua shati tunashangilia: "Mishipa ya kazi hiyo!" Basi gunia zito kuliko yote tunampa yeye, naye anacheka, "Leteni!"

Kumbe mishipa ile ilikuwa dalili ya ini lililokuwa linammaliza. Kicheko chake nakisikia mpaka leo, kila nikipita sokoni.

Wewe ukimwona mwenye mishipa ile, mjukuu wangu, mpokee mzigo kwanza, ndipo umpime.

Babu yako,
Nyumbani, Mchafukoge