Mwezi Niliouona kwa Darubini ya Venance

Jumatatu, 16 Machi

Leo nimewaua! Kwa Twalib kinyozi walikuwa wanabishana mpira, nikawaambia acheni utoto, nani anaweza kunitajia darubini kubwa kuliko zote duniani na ziko wapi? Nikazishusha kama kikosi cha timu. Visiwa vya Kanari, kule La Palma, kioo mita kumi na nukta nne. Hiyo ndo namba moja. Hawaii, juu ya mlima Mauna Kea, mapacha wawili, mita kumi kila mmoja. Arizona kuna moja ina macho mawili. Chile jangwani zimejipanga nne, mita nane na ushee, na jirani yake wanajenga lijitu la mita thelathini na tisa. Thelathini na tisa! Hilo libomba nyumba ya Twalib inaingia na choo chake.

"Na Afrika?" Twalib akadakia, anadhani kanipata.

"Sutherland, Afrika Kusini. Upande wote wa kusini wa dunia hakuna moja inayoizidi."

"We si uliishia kidato cha pili? Haya umeyatoa wapi?"

Nikamwambia kichwani, braza. (Video za simu. Simu yenyewe ya Bibi.)

Kumbe kwenye kiti, chini ya lile shuka, anayenyolewa ni Shehe Twaha wa msikiti wetu. Akasema Alhamisi tunapanda kilimani kuangalia mwezi wa Idi, basi mwaka huu mtaalamu tunaye. Watu wakacheka. Nami badala ya kucheka nao nikasema, "Na darubini naleta."

Mdomo wangu huu.

Jumatano, 18 Machi

Darubini nimepata! Venance, yule jamaa yangu wa Bunju anayeuza vyombo vya mtumba, alikuwa nayo nyuma ya mafriji, imetoka na mzigo wa Japani. Bomba la plastiki jeupe, miguu mitatu, mguu mmoja umefungwa waya. Nikamkuta anakula mihogo mitupu, na yeye yuko kwenye Kwaresima yake. Kasema nichukue, Idi ikiisha nirudishe, yeye kesho anakwenda Mabibo kufuata mzigo mwingine.

"Ngoja nikuoneshe inavyofungwa, kuna—"

"Wewe unioneshe mie? Lete hapa!"

"Shomari, sikiliza kidogo—"

"Mwanangu, mie nazijua mpaka za Chile."

Akacheka, akaniachia. Nimepanda bodaboda na bomba begani kama mwanajeshi. Madale nzima imenitazama.

Bibi Tabu kalipapasa lote toka juu mpaka chini. Haoni vizuri, mtoto wa jicho kamziba jicho moja kabisa, la pili linaona mwanga tu. Mwaka jana alilazwa, Ramadhani nzima ikampita, akalia kama mtoto. Mwaka huu daktari alipomruhusu kasema hii ataitimiza yote, isianguke hata siku moja, maana hajui kama ataipata nyingine. Na kweli hajaacha. Na ugonjwa wake, na joto hili! Mie mjukuu wake nilishakula kobe mchana wa Ramadhani mara nne kwa mama wa chapati, nyuma ya pazia, halafu jioni najifanya midomo imekauka.

Kasema, "Kesho mie sipandi, miguu haifai. Wewe utaniangalilia. Macho yangu ni wewe."

Alhamisi, 19 Machi

Sijui niandikeje.

Tulipanda watu kama thelathini. Wazee na kanzu zao, vijana na simu, watoto wamekuja kuishangaa darubini. Tende mkononi. Magharibi kumejaa mawingu, kuna upenyo mmoja tu mwekundu chini. Tukafuturu palepale. Shehe Twaha akasema, "Haya Shomari, tuangalilie."

Nikainama. Naweka jicho — ukungu. Weupe mtupu, kama unachungulia ndani ya kikombe cha maziwa. Nikazungusha kidude cha pembeni. Ukungu. Nikainua, nikashusha. Ukungu. Nyuma yangu nasikia Twalib, "Vipi, imekamata Hawaii?" Wakaangua kicheko. Mtoto mmoja kaniuliza kama ni mbovu. Upenyo unaziba, nauona unaziba, na watu wote wananiangalia mgongoni.

Nikasema, "Naona!"

Hivyo tu. Imetoka yenyewe. Walinyamaza wote, na ule ukimya — naandika ukweli — nikaupenda. Nikaongeza, "Mwembamba, kama ukucha! Huo hapo!"

Wakagombania. Aliyefuata akasema yeye haoni kitu, mwingine naye haoni, upenyo ukaziba kabisa. Shehe Twaha akanivuta pembeni, kanishika mkono. Mkono wake mkavu, mwepesi.

"Umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona."

"Unashuhudia?"

Hapo ningeweza kusema, Shehe, nilitania. Hajanipiga mtu, hakuna aliyenishikia panga.

"Nashuhudia."

Akapiga simu kwa mashehe wenzake, Tegeta, Bunju, wapi. Hakuna aliyeuona. Akatangaza kwamba shahidi ni mmoja peke yake, darubini hatuijui, basi msikiti wetu unatimiza thelathini, kesho tunafunga. Halafu akanisogelea tena, taratibu, "Kama umeuona kweli, wewe kesho usifunge, ila kula kwa siri. Kama hukuuona, hilo unalijua wewe."

Nimeshuka kilima nikijua imeisha hivyo, watanitania wiki mbili basi. Nafika nyumbani, habari imetangulia. Bibi kasimama mlangoni, anatabasamu na jicho lake lile moja.

"Umeuona, baba?"

Nikasema, "Ndio, Bibi."

Ijumaa, 20 Machi

Bibi kaniamsha na harufu ya tambi. Tambi za kukaanga, zabibu, iliki. "Idi njema, jicho langu."

Nikamwambia Bibi, Shehe kasema kesho ndo Idi, tufunge tu na wenzetu. Kasema Shehe hakuona, mjukuu wake kaona. Aliyeona hafungi. Nikamwambia basi tule chumbani. Kasema kwani tumeiba? Akatoa mkeka barazani, akakaa na sinia, na kanga mpya, mtaa mzima unapita.

Farida wa nyumba ya pili akapiga kelele, "Jamani! Bibi Tabu anakula kobe hadharani!"

Watoto wakashangilia, kobe, kobe!

Bibi akajibu, "Kobe ni nyie mnaofunga siku ya Idi. Shomari, njoo ule, wakuone."

Nikaenda. Ningefanyaje? Nilitia kijiko kimoja mdomoni mbele yao. Cha pili nikajifanya nakohoa, nikaenda kukitema nyuma ya choo. Sikula tena mpaka jioni, hata maji. Miaka yote nakula huku najifanya nimefunga. Leo nimejifanya nakula huku nimefunga. Ni funga gani hiyo sijui, hata malaika wanaoandika nadhani wamesimamisha kalamu.

Yeye kala sahani nzima kwa furaha. Siku yake ya thelathini. Aliyoitunza mwezi mzima na mwili ule — nimeichukua mie, kwa neno moja, kwa sababu Twalib kinyozi alicheka!

Mchana nimejifungia na simu. Nikaikuta tena video ya mama mmoja mtaalamu wa nyota kule Chile, mwenye vioo vya mita nane. Kapanda mlimani, kangoja mwaka mzima zamu yake, usiku tatu mfululizo kumejaa mawingu. Anaulizwa ameandika nini kwenye ripoti yake. Kasema, "Mawingu." Basi! Hajaona aibu. Mara ya kwanza niliangalia nikamcheka. Mwenye mita nane anaandika mawingu, mie na bomba la plastiki lenye mguu wa waya nikaandika mwezi. Na darubini zote hizo nilizozitaja, mbona kila moja iko juu mlimani, hewa kavu, mbali na watu? Hakuna aliyeleta hata moja huku kwetu kwenye jasho na mvuke wa bahari. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijua kila kitu isipokuwa kufunga mdomo.

Nikapanga, jioni wakishaona mwezi, namwambia Bibi. Narudi kilimani na wao, halafu namwambia.

Jioni mawingu yamepasuka. Mwezi ule! Si uzi, ni kipande kizima cha tikiti, kimekaa juu kabisa ya mnara wa simu, kinang'aa hakina haraka. Nikasikia mzee mmoja anasema, "Huu si wa leo."

Mwingine, "Wa pili huu! Mtazameni ulivyo juu!"

"Basi kijana alisema kweli!"

Wakageuka wote. Twalib kinyozi kaja kunishika mkono kwa mikono miwili, "Nisamehe, mtaalamu." Wakaninyanyua juu! Mie napiga kelele nishusheni, wanadhani ni furaha. Shehe Twaha kautazama mwezi muda mrefu, kisha kanitazama mie.

Simu inasema mwezi ukizaliwa alfajiri, kama huu wa jana, jioni yake aghalabu hauonekani, halafu kesho yake unatokea mnene hivyohivyo. Unene hauthibitishi kitu. Nilifungua mdomo niwaeleze. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikutoka kitu.

Farida kashuka mbio kumwambia Bibi. Vigelegele nilivisikia toka juu.

Sikumwambia.

Jumamosi, 21 Machi

Idi yenyewe. Naandika chumbani haraka, nimewaambia nakuja, natafuta kofia. Kofia iko kichwani.

Toka asubuhi nyumba imejaa. Farida kaja na kaimati, kapiga magoti, "Bibi, shikamoo, nilikukosea." Bibi kamwambia hana kinyongo, ila mwakani asiwe na haraka ya kucheka. Shehe Twaha kaja na sinia la pilau. Kasema anamwomba Bibi radhi kama alimvunjia heshima mjukuu wake. Nilikuwa nimesimama palepale. Shehe anamwomba Bibi radhi kwa ajili yangu! Nilitamani ukuta unimeze. Wazee wamesema mwakani nikae nao safu ya mbele kule kilimani.

Halafu akaingia Venance, na shati lake la Jumapili, kaja kutupa mkono wa Idi na kuchukua bomba lake. Kanivuta mlangoni, anacheka mpaka machozi.

"Mwanangu, nisamehe sana. Jumatano nilitaka kukwambia ukakataa kunisikiliza. Kioo cha kuchungulia nilikitoa nikisafishe. Nilikuwa nacho mfukoni Mabibo!" Akanionesha, kimo ndani ya kiberiti, kidogo kama kizibo. "Bila hiki huoni hata nyumba ya jirani. Vipi, mlitumia nini?"

Ndani Bibi anawaambia wageni, "Huyu ndo aliyeuona peke yake, kwa ile darubini. Kama si yeye ningefunga siku ya Idi na mimi."

Venance akaacha kucheka. Kanitazama. Kamtazama Bibi na kanga yake. Kasema polepole, "Shomari. Mwambie wewe."

Nikasema natafuta kofia.

Nawasikia hapa nyuma ya pazia. Venance kakaa, kapewa soda. Kile kioo kakiweka mezani kando ya kaimati, nakiona kwenye upenyo. Mzee mmoja anauliza, hivi siku ile pembe za mwezi zilielekea wapi? Bibi anasema ngojeni mwenyewe aje awasimulie, hata yeye Bibi hajawahi kusimuliwa vizuri. Mkono wake unapapasa meza, unatafuta kaimati. Umegusa kioo. Kakiokota. Anakizungusha, anakipeleka kwenye lile jicho lake moja.

"Hiki nini, baba?"

Venance kasema, "Muulize Shomari, Bibi."

Bibi ananiita.