Swali la Daktari Nililolijibu kwa Uongo

Mshauri mpendwa, nisaidie upesi kuliko unavyowasaidia wengine, kwa kuwa nina miaka themanini na mmoja, moyo wangu umechoka na daktari wake hanifichi, na nimesema uongo mmoja ambao sitaki kuzikwa nao.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, ni fundi umeme wa miaka ishirini na miwili. Mwaka huu alizimika: hakula, hakuoga, alilala mchana kutwa akaamka amechoka, akasema yeye ni mzigo tu kwa watu. Mama yake akampeleka kliniki, nami nikaenda nao kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na daktari, kijana mpole, akanigeukia akauliza, "Mzee, upande wenu kuna aliyewahi kupata siku za kuchangamka kupita kiasi, halali na wala hachoki?" Nikajibu, "Hakuna. Sisi ni watu watulivu." Akaandika. Akasema ni sonona, akampa dawa.

Mshauri, aliyewahi ni mimi. Nilikuwa mkutubi, na nikiwa na miaka thelathini na minne nilivipanga upya vitabu vyote vya maktaba kwa rangi za majalada, siku tisa mfululizo, nikilala muda wa saa mbili tu, nikiimba, nikiwapigia simu wakubwa wa serikali kuwapa habari njema, na furaha ile, nakuambia kweli, hata sasa nikiiandika bado naitamani, halafu ikakatika, nikalala miezi mitatu nikitazama ukuta, na marehemu mke wangu akawaambia wa ofisini kuwa nimeshikwa na mgongo. Ilinirudia mara nne. Mara zote nne, mgongo. Wanangu hadi leo huniwekea mto kwenye kiti.

Sasa sikia hili. Wiki ya tatu ya dawa, binti ameamka. Anaongea mbio mpaka maneno yanakanyagana, halali, amefungua swichi zote za nyumba ili aunde mfumo wa umeme wa kwake, na nyumba nzima inashangilia, mama yake anawaambia majirani, "Mtoto wangu amerudi." Jana alinishika mikono akasema, "Babu, najiona naweza kuwasha mji mzima," na macho yale yalikuwa yangu. Yangu kabisa. Nilisisimka kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea, na papo hapo nikaogopa, maana najua kinachofuata. Nikisema, wanangu watajua baba yao alikuwa nani, na mkwe wangu atasema ugonjwa umetoka kwangu. Nisiposema, nitakufa nikiheshimiwa. Nifanye nini?

Mkutubi mstaafu

*

Shikamoo, babu. Barua yako ilinifikia Jumatano, gazeti hutoka Jumamosi, na binti asiyelala hangoji Jumamosi. Ndiyo maana nilikupigia simu, na kwa ruhusa yako wasomaji wajue tulivyoongea.

"Mama yake yuko wapi?"

"Jikoni. Nitamwambia kesho."

"Mwite. Mimi sikati."

Nikakusikia ukimwita, ukikohoa, ukisema yote kwa pumzi moja. Kisha nikasikia sauti ya mkweo: "Kwa hiyo, baba, ule mto tumekuwekea bure miaka yote?" Mkacheka, yeye akalia, akauliza namba ya kliniki iko wapi. Lile uliloliogopa hakulisema. Daktari alimwona binti jioni ile ile, akabadilisha dawa, na Jumatatu anataka kukusikia wewe.

Sasa nikugombeze. Umeishi na vitabu maisha yako yote, ukaenda kuificha karatasi iliyokuwa inatafutwa. Sonona na bipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka, zikiwa chini hufanana kama pacha. Hakuna kipimo cha damu cha kuzitenganisha. Daktari hutegemea historia, na historia ilikuwa imekaa mbele yake imevaa koti. Dawa ya sonona peke yake yaweza kumrusha juu mwenye bipola. Kama ndivyo ilivyo kwa mjukuu, atasema daktari, si mimi wala wewe. Na ugonjwa kupita katika ukoo si kosa la mtu. Pua nazo hupita.

Nyumbani, zana za umeme zifungiwe kabatini, na binti asiachwe peke yake. Dawa asiiache hata akijiona mzima. Kama kuna jambo, pigeni simu kliniki siku hiyo hiyo. Akianza kusikia sauti zisizokuwepo au kutaja kufa, msingoje miadi, nendeni hospitali saa hiyo.

Jumatatu nenda, ubebwe ikibidi. Mwambie daktari umri wako wa wakati ule, siku tisa, usingizi, miezi mitatu, mara nne. Usipambe, usipunguze. Na ukishamaliza ya mjukuu, usiinuke kitini. Muulize, "Na mimi je?"

Miaka themanini na mmoja si kuchelewa kujibiwa.