Kina Mama Walipokuja Kunikagua

Jumamosi, jioni. Baridi ya Joburg imeanza kuuma. Mchana kutwa jua lilikuwa linawaka lakini halina kazi. Nimekaa kitandani na soksi mbilimbili na blanketi mabegani, ninacheka peke yangu. Jirani akinisikia atadhani nimelewa. Sijalewa. Nimefurahi tu.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua kwamba wiki hii nimeanza kazi mpya. Baada ya miaka ya kusuka nywele saluni kule Yeoville, sasa mimi ni mratibu wa vijana katika kituo kimoja cha jamii hapa Observatory. Mratibu! Nimelitamka neno hilo mbele ya kioo zaidi ya inavyofaa.

Jukumu langu la kwanza ni kuanzisha kundi la wasichana, mabinti wa Wakongomani na Warundi waliokulia hapa. Ukumbi upo, Jumamosi mchana. Ila Nomsa, mkuu wa kituo, aliniambia mapema, kwa upole wake, kwamba ukumbi unagombewa. Watu wa karate wanaumezea mate. Wasichana wasipotokea Jumamosi hii, karate wanauchukua.

Basi Jumatatu nikatengeneza tangazo la rangi ya zambarau, zuri kweli, nikawatumia wasichana wenyewe kwa WhatsApp. Vidole gumba vikamiminika. Nikawaita Jumatano tufahamiane kwanza. Nikapanga viti, nikanunua biskuti na juisi.

Hakuja mtu.

Biskuti nilizipeleka Hillbrow kwa shangazi yangu, nikamlilia hali. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Furaha, unaita batoto ya batu ku telefone, na bamama yabo habakujui?"

Niliona aibu kwa sababu alisema kitu ninachokijua. Kwetu humtoi binti wa mtu nyumbani kabla hujaenda kwao, ukakaa, ukala, wakakuuliza ukoo wako. Kule Bukavu, mama yangu alimhoji mwalimu wa kwaya kana kwamba amekuja kuniposa. Yote haya nayajua. Ila nilitaka kuonekana mtu wa ofisi.

Haya, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Alhamisi na Ijumaa nikainama. Nilipanda ngazi za maghorofa ambayo lifti zake zilikufa zamani, na kila mlango uliofunguka nilikuta fufu na sombe, ugali na kisamvu vya kwetu. Kukataa ni matusi, kwa hiyo nikala. Nikatoka, nikaingia kwa jirani, nikala tena. Kila mama alinisikiliza vizuri, akatabasamu, akasema: "Tutaona."

Hiyo "tutaona" si ndiyo, wala si hapana. Jana nililala na tumbo zito na moyo mzito zaidi.

Leo nikapanga viti tena. Nomsa alikaa karibu na mlango na chai yake. Muda ukafika, ukapita. Mwishowe mlango ukafunguka, wakaingia kina mama. Kina mama peke yao, wamevaa vitenge vya Jumapili, na mbele yao Mama Neema, fundi cherehani kutoka Uvira, mwanamke ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Nikaangalia nyuma yao. Hakuna msichana hata mmoja.

Nilitamani kulia.

Hawakuketi. Walikagua. Mmoja alijaribu komeo la choo, mwingine akatikisa nondo za dirisha, mwingine akachungulia stoo. Kisha ikafika zamu yangu.

"Uko mutoto ya nani?" akauliza Mama Neema. Nikamtaja baba, nikamtaja na babu. "Unasaliaka wapi?" Nikataja kanisa. "Na bwana yako iko wapi?" Nikasema, bado, Mama. Wakatazamana kwa huruma ya dhati. "Tutaomba," akasema, na wenzake wakaitikia amina. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Nashukuru Mungu nao walicheka.

Likabaki swali moja. "Ufunguo ya hapa iko na nani?"

Nilimtafsiria Nomsa, maana ufunguo anao yeye. Mimi ni mgeni wa wiki moja. Nomsa aliweka kikombe chini, akauchomoa ule ufunguo kwenye funguo zake, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele yao wote.

Mama Neema akatoa simu yake. "Mukuje," akasema, akakata.

Nikakimbilia dirishani. Wasichana walikuwa pale kwenye kona, mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, wanakula chipsi, wamesubiri muda wote huo! Wakavuka barabara mbio, na kina mama wakawapigia kelele kutoka dirishani kwamba wangoje taa za robot ziwe kijani. Neema ndiye aliyetangulia kuingia. Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kizulu. "Eish, kuyabanda!" akasema, anapuliza vidole. Baridi kweli, mwanangu. Ingia.

Mchana wote tulicheza muziki. Wasichana walinifundisha hatua za amapiano na mimi nikazikosea zote. Kina mama walijichukulia viti vya nyuma na hakuna aliyefikiria kuondoka. Mwishoni Mama Neema mwenyewe alifunga kitenge vizuri, akaingia kati, akanishinda mbali. Nomsa akaniuliza hili ni kundi la wasichana au la mama zao. Kisha akawapigia watu wa karate kuwaambia watafute siku nyingine.

Jumamosi ni yetu. Ufunguo uko hapa kwenye mto, ninaugusagusa kama mjinga.

Wakati wa kuagana Mama Neema alinishika mkono, akanikumbusha kwamba wiki ijayo watarudi wote, mama na mabinti. "Siye tulikupikia," akasema. "Sasa ni weye."

Nina ufunguo wa ukumbi mkubwa na sufuria moja ndogo. Nitaazima kwa nani?