Kobe wa Mzee Hiram

Samsam, nimeharibu kazi ya Mzee Hiram. Nimeharibu kabisa!

Ile katuni ya Askari Kobe, alinipatia kurasa amechora kwa penseli nipitishe wino juu ya mistari yake. Unajua wachoraji wengine wote humchora Kobe kifua mbele, rungu juu. Kobe wa Hiram huwa mabega yameanguka, kama mtu ametoka kuvunja mawe kwa kwari ya Kitengela siku nzima.

Mimi nikadhani mzee anatetemeka mkono. Nikamnyoosha Kobe! Kurasa zote sita, Samsam! Halafu nikafuta penseli.

Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Ameangalia tu, akaniuliza, "Kui, huyu ni Kobe wa kila mtu. Wangu ako wapi?"

Wake ako hapa mezani. Amebaki uchafu wa raba, na siwezi hata kuupangusa.