Mstari wa Chaki Chini ya Jiwe

Mjukuu wangu Saidi,

Salamu kutoka Gisenyi. Sisi wazima, kikohozi cha bibi yako kimepungua. Unauliza utanunuaje pete ya almasi bila kudanganywa.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi cherehani hapa mjini. Nilikuwa na pete ya fedha, mahali pa jiwe pakiwa patupu, nikitafuta almasi ya kumposea bibi yako. Baba yake alikuwa sonara, lakini niliona aibu kumuuliza. Asubuhi moja mtu kutoka ng'ambo ya mpaka akaniletea jiwe. Alikwaruza nalo kioo changu, alama ikabaki, nikaamini. Ziwani honi ikalia.

"Bon, unakamata ao unaacha? Boti inaenda," yule mtu akanihimiza.

Nilifungua kasha la pesa. Ndipo bibi yako akaingia kuchukua gauni la mama yake. Alilichukua jiwe, akaligeuza juu chini, akaliweka kwenye mstari wa chaki niliouchora kitambaani. Mstari ukaonekana wazi kupitia jiwe.

"Almasi haionyeshi mustari," akamwambia. "Na kioo kinakwaruzwa na mawe mengi."

Yule mtu akanyakua jiwe, akatoka. Hakuelekea ziwani.

Wewe usinunue kwa muuzaji mwenye haraka, na mwende dukani na mchumba wako.

Utotoni uliniuliza jiwe la pete ya bibi yako lilianguka wapi. Halikuanguka. Siku ile niliahidi kutafuta jingine, naye akanyoosha kidole, akasema, "Univalishe hivi hivi."

Ni mimi babu yako.